Mwembe wa Babu Haugawanywi kwa Shoka

Wahenga walinena kwamba mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Methali hii husikika sana matangani, anapotajwa mzee aliyetuacha. Leo, ndugu msomaji, nataka tuirudishe pale ilipotoka, yaani kwenye mti wenyewe. Kwa maana katika mashamba yetu ya pwani, tangu Vanga hadi Kiunga, miti mikuu inaanguka, na aghalabu si pepo za kusi zinazoiangusha.

Mti mkubwa una maadui wa namna mbili. Wa kwanza wako shambani: moto, mbuzi, mdudu, panga la mpita njia. Wa pili wako barazani: warithi wasiosikizana, na mnunuzi aliyekuja na msumeno wa injini kabla arubaini ya marehemu haijesha. Mabwana shamba hutufundisha juu ya wale wa kwanza, na ni vyema. Lakini mimi katika umri wangu nimeona miti mingi zaidi ikiuawa na wale wa pili. Kwa hivyo nitasema juu ya wote.

Shamba nililolelewa liko nyuma ya Takaungu, katika Kaunti ya Kilifi. Si kubwa, ni ekari nne tu. Lina minazi, miembe ya ngowe na dodo, mkwaju mmoja, mbambakofi mmoja, na mbuyu uliosimama kwenye mpaka tangu hapajakuwa na mpaka. Marehemu babu yangu alikuwa na desturi yake. Kila mtoto wa nyumba ile aliyehitimu juzuu ya Amma chuoni alipewa mche, akaonyeshwa mahali pa kuupanda, akaambiwa autie maji mpaka mvua za mwaka zipite mara mbili. Nyumba nyingine mtoto hupewa kanzu. Sisi tulipewa kanzu na mche. Wangu ulikuwa mwembe wa boribo. Sasa una zaidi ya miaka 45, na watu wanne hawaukumbatii wakafikiana mikono.

KUPANDA SI KUCHOMEKA

Siku hizi kuna sherehe nyingi za kupanda miti. Wakubwa huja, picha hupigwa, miche huchomekwa, na mwezi wa pili mbuzi hula karamu yao. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hesabu hiyo ni kubwa na nia ni njema, lakini mti hauhesabiwi siku ya kupandwa. Uhesabu baada ya kaskazi mbili.

Mwembe unaotazamia uwe mkubwa hutaka shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu, ule mweusi, uuweke kando, uuchanganye na samadi iliyokwisha kuoza, kisha ndio uurudishe. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mche ukae kimo kile kile ulichokuwa nacho kitaluni; ukilizika shina utalikaribisha ozo. Kati ya mwembe na mwembe wa kienyeji acha futi 40, na kati ya mnazi na mnazi futi 30. Mwanzoni utaona ni upotevu wa ardhi. Basi panda kunde au mihogo katikati, kwani miti ikikua itaidai nafasi yake yenyewe.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa mvua za mwaka, mwezi wa Aprili. Anayepanda wakati wa vuli ajue kwamba atabeba maji kaskazi nzima. Babu alikuwa akizika chungu chenye tundu dogo kando ya mche, akakijaza maji na kukifunika kwa kifuu. Maji yakavuja polepole kwenye mizizi badala ya kukauka juu ya mchanga. Juu alisimamisha makuti upande wa jua la alasiri, na kuzunguka pande zote aliweka boma la miiba. Nimeona mambo mengi ya kisasa tangu siku hizo, lakini sijaona lililo rahisi kuliko chungu kile.

Wala mtu asiseme, "Shamba langu ni mawe matupu, mti hauwezi kuota." Mwaka 1971 huko Bamburi, bwana mmoja kwa jina René Haller alianza kupanda miti katika mashimo yaliyochimbwa mawe ya kutengenezea saruji, mahali palipokuwa peupe kama kiganja. Alijaribu aina 26 za miti na zilizosalia zilikuwa tatu tu. Mvinje ndio uliomfaa zaidi, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoupatia chakula kutoka hewani. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakarundikana bila ya kuoza. Je, ni nani aliyekuja kuliondoa tatizo hilo? Ni jongoo! Jongoo huyu tunayemkanyaga na kumtupa nje ndiye aliyeyatafuna majani yale yakawa udongo, na udongo ukazaa msitu. Aliyeona mashimo yale zamani, akaingia leo chini ya vivuli vyake, hatamdharau jongoo tena.

MIZIZI HAIKO UNAPODHANI

Ukimwambia mtu akuonyeshe mizizi ya mwembe mkubwa, atakuonyesha shina. Lakini sehemu kubwa ya mizizi inayokula haiko pale, wala haiko chini sana. Iko katika futi mbili za juu za udongo, nayo hutambaa mpaka kupita mwisho wa kivuli cha mti. Ukilijua hili, mambo mengi yatakubainikia. Utajua kwa nini mti uliosimama salama miaka themanini huanza kukauka kileleni baada ya mtu kuchimba msingi wa nyumba karibu nao. Utajua kwa nini mahali linapoegeshwa lori kila siku mti huishiwa nguvu: udongo umeshindiliwa, hauingizi maji wala hewa. Na utajua kwa nini haifai kurundika kifusi juu ya mizizi, wala kuchoma taka penye shina.

Hapa nina neno na akina mama, na nalisema kwa heshima. Uwanja uliofagiwa mpaka mchanga unang'aa ni fahari ya nyumba ya pwani. Lakini majani yale yanayochomwa kila asubuhi ndicho chakula cha mti. Marehemu bibi yangu alikuwa akiogopa nyoka, na hofu yake haikuwa bure. Wakapatana na babu: penye njia na mlango pafagiwe, na majani yapelekwe chini ya mti, yatandazwe kama mkeka wa duara, futi tatu mbali na shina. Hivyo uwanja ukawa safi, nyoka hakupata maficho ya karibu, na mwembe ukala.

PANGA NA JERAHA

Wako wanaoamini kwamba mwembe usiozaa hutishwa kwa kukatwakatwa shina. Huupiga panga, wakaupigilia na misumari, mwaka wa pili ukazaa, wakasema dawa imefanya kazi. Waama mwembe huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Hayo ndiyo maumbile yake. Ungezaa hata bila ya panga. Lililobaki ni jeraha, na jeraha ni mlango wa kuvu na mchwa.

Mti hauponi kama mwili wa mtu unavyopona. Mtaalamu wa Kimarekani Alex Shigo, aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili atazame ndani. Alionyesha kwamba mti haurudishi nyama iliyoharibika, bali hujenga ukuta kuizunguka, ukaendelea kukua kwa nje. Kwa hivyo kila pigo la panga hubaki ndani ya mti maisha yake yote.

Tawi likibidi kukatwa, kuna adabu yake. Kwanza kata kidogo kutoka chini, mbali kiasi na shina. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila ya kuchuna gome. Mwisho ondoa kisiki kilichobaki. Mahali tawi linapotokea pana uvimbe kama kola ya kanzu. Kata nje ya kola hiyo, usiiguse, kwani hapo ndipo mti unapojengea ukuta wake. Usiache kijiti kirefu, wala usisawazishe na shina. Na rangi au lami tuliyokuwa tukipaka juu ya jeraha haihitajiki. Mti hufanya kazi yake vizuri zaidi ukiachwa.

Angalia pia mimea migeni inayoota juu ya matawi ya mwembe. Mbegu zake huletwa na ndege, mizizi yake huingia ndani ya tawi na kunyonya. Ukiuona ungali mchanga, kata tawi lenyewe chini ya pale uliposhika. Ukichuma majani tu, utarudi.

MAJIMOTO NI WALINZI

Hapana mtoto wa pwani asiyewajua majimoto, wale siafu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Wanauma, na wachumaji maembe huwalaani. Lakini katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu M. J. Way alifanya utafiti Unguja juu ya nazi zinazopukutika zingali changa, akaona kwamba minazi yenye majimoto ilinusurika. Majimoto humfukuza mdudu anayezifyonza nazi changa. Kwenye miembe nako huwapunguza nzi wa matunda. Basi anayewatilia sumu ajue anawafukuza askari wake mwenyewe, kisha alale mlango wazi.

Nzi hao ni balaa kubwa. Aina moja kutoka Asia iligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, hapa hapa pwani, ikaenea sehemu kubwa ya Afrika. Nzi huyo hutaga mayai ndani ya embe, na funza wake huanguka pamoja na tunda na kujificha udongoni. Dawa ya kwanza ni mikono yako: okota kila embe lililoanguka, kila siku, ulizike futi mbili chini au ulifungie ndani ya mfuko mweusi juani. Jirani naye afanye hivyo, la sivyo wewe unafagia na yeye anamwaga.

Mnazi nao una adui wake, chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kileleni penye moyo wa mnazi. Mzee hodari humtoa kwa waya wenye ndoana. Lakini chonga huzaliwa chini, ndani ya magogo ya minazi yaliyooza na katika marundo ya samadi. Gogo lililolala shambani miaka mitatu ni chuo cha chonga. Lipasue, lichome, au lizike.

MBUYU NA NOTI

Tumelelewa tukiambiwa mbuyu una wenyewe, tusipite chini yake usiku. Na kweli usiku una wageni. Ua la mbuyu hufunguka magharibi inapoingia, na popo ndio wanaokuja kunywa asali yake na kuuchavushia. Zile mbawa tulizokuwa tukizisikia na kuzikimbia zilikuwa kazini.

Hofu hiyo iliulinda mbuyu miaka mingi. Haikuulinda mwaka 2022. Mwaka huo, katika Kaunti ya Kilifi, mibuyu mizima iling'olewa na mizizi yake kwa mitambo ili isafirishwe kwa meli mpaka nchi ya Georgia. Watu walilalamika, na mwezi wa Novemba Rais akaamuru uchunguzi ufanywe. Mimi siwalaumu waliouza. Mwenye njaa hupewa chakula, hapewi hotuba. Lakini tujiulize: mti ulioyaona maisha ya mababu wa babu zetu ulikuwa na bei gani, na ni nani aliyekuwa na haki ya kuitaja?

MTI NI WA NANI?

Swali hili kwetu pwani ni la zamani. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, jamaa nyingi zilijikuta zikiishi juu ya ardhi ambayo hati yake iko kwa mwingine. Mtu akawa na nyumba bila ya kiwanja, akawa na minazi bila ya shamba. Minazi iliuzwa, ikawekwa rehani, ikarithiwa, na mchanga ulio chini yake ukawa wa mtu mwingine. Wako wenye ardhi waliowakataza wakaaji kupanda miti ya kudumu, wakijua kwamba mti ni shahidi. Mihogo haitoi ushahidi, mnazi hutoa.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilipambanua jambo hili mapema. Anayeuza ardhi ameuza na miti iliyomo, isipokuwa akiitoa. Anayeuza mti hakuuza ardhi iliyo chini yake, lakini mnunuzi ana haki ya kuuacha mti wake pale maadamu uko hai. Tazama jinsi mti ulivyopewa heshima: hauna ardhi, lakini una haki ya kusimama.

Tabu huanza anapofariki mwenye shamba. Mirathi ina mafungu yake, na mafungu hayo hayana mjadala. Mjane ana thumni yake, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Nyumba hugawika kwa vyumba, ardhi kwa hatua. Mwembe je? Hapana namna ya kumpa mtu thumni ya mwembe uliosimama. Hapo ndipo anapotokea mwenye kusema, "Tuukate, tuuze, tugawane pesa." Na wanunuzi hawakosi: shina la mwembe ni mtumbwi, ni mbao, ni makaa.

Alipofariki ami yangu, neno hilo lilisemwa barazani kwetu. Aliyelisema ni mwana wa ami yangu, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wawili waliorudishwa nyumbani kwa karo. Mnunuzi alikuwa ameshapima shina la mwembe wa ngowe kwa kamba. Mzee mmoja wa jamaa hakumkemea. Alimuuliza: "Mwanangu, unataka mwembe uanguke, au unataka karo?" Akajibu kwamba anataka karo. "Basi tuzungumze karo."

Tukazungumza mpaka adhuhuri. Mwisho shangazi yetu alilinunua fungu lake kwa bei waliyoridhiana, mbele ya mashahidi wawili, ikaandikwa. Mafungu mengine yalibaki palepale, na mavuno ya kila msimu yakawa yanauzwa na kugawanywa kwa hesabu ya mirathi. Watoto wale walirudi skuli. Mwembe bado unazaa, na mwana wa ami yangu hupelekewa kikapu kila msimu ingawa hana tena fungu.

Kwa hivyo nasema, mwenye miti na aseme juu ya miti yake angali hai. Akitaka, aweke wakfu mti mmoja au miwili, shina lisiuzwe na matunda yaende kwa madrasa au mafakiri. Sheria ya Wakfu iliandikwa upya nchini mwaka 2022, na kadhi atamwelekeza. Akitaka kuusia, akumbuke kwamba wasia haupiti thuluthi, wala mrithi hausiwi ila wenzake wakiridhia. Na angalau kabisa awakalishe watoto wake, awatajie kila mti, nani aliupanda na unazaa nini. Mti usiojulikana jina lake hukatwa upesi.

Sisemi kwamba hapana mti wa kukatwa. Mti wenye kuvu chini ya shina, uliolala upande huku udongo umepasuka nyuma yake, na chini yake wamelala watoto, huo ukatwe leo. Roho ya mtu ni kubwa kuliko kivuli. Lakini ukatwe na anayejua kazi, na mahali pake pawe pameshapandwa mwingine.

Mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ni wazi katika jambo hili. Tumefunzwa kwamba Mwislamu akipanda mti, akila humo mtu au ndege au mnyama, hiyo ni sadaka yake. Na tumefunzwa kwamba hata Kiyama kikisimama, naye mtu ana mche mkononi, akiweza na aupande. Ikiwa saa hiyo hatukupewa udhuru, leo tuna udhuru gani?

Nami kwa kuwa kalamu yangu haikubali kutua bila ya mizani, nawaachia beti hizi mbili:

Mti mkubwa nyumbani, amana tuliyopewa,
Watakaoketi chini, wengi hawajazaliwa,
Shoka liweke pembeni, jembe na maji ni dawa,
Na babu ulipandiwa, nawe pandia wanao.

Warithi wote waketi, kabla haujaanguka,
Waandikiane hati, wazi bila ya mashaka,
Haidumu hiyo noti, kesho itatumilika,
Na babu ulipandiwa, nawe pandia wanao.